Kuchora Nyumba Inayoinama

Kivuli kina rangi gani? Aliniuliza hivyo mwalimu mmoja mstaafu wa sanaa, hapa hapa Rongo. Nikamjibu, "Nyeusi, Madam." Akanituma nje nikaangalie. Nilitoka, nikaangalia, nikarudi na nyeusi yangu ileile.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa ushuhuda. Hata leo nimekuja nikijiuliza kama kusimama mbele ya watu kumewahi kumponya mtu. Lakini katika kikundi chetu hiki cha waliofiwa kila mtu ana zamu yake, na leo ni yangu.

Mama alifariki nikiwa nimetoka tu kumaliza chuo kikuu. Nilirudi Kosele, nikalala kwa baba mdogo, nikaacha kuamka. Msidhani nililia. Sikulia. Niliacha kuoga, nikaacha kupokea simu, na kama nilikula ni kwa sababu mama mdogo alisimama mlangoni hadi sahani iishe.

Kitu kimoja tu kilinitoa kitandani: nyumba ya mama, ng'ambo ya ua, ilikuwa imeanza kuinamia nyuma. Kwetu, nyumba ya marehemu haikarabatiwi. Inaachwa ianguke yenyewe. Nikamwambia baba mdogo nitakanda udongo kwa mikono yangu.

"Nyathina, mwanangu, hiyo haiwezekani."

"Nani alisema?"

"Waliokufa kabla hujazaliwa."

"Basi waje wanieleze."

"Wakija, usikimbilie kwangu."

Ndipo nikamtafuta Madam, yule mwalimu wa Rongo. Kama siwezi kuiokoa, niliwaza, nitaichora kabla ya mvua kuiangusha. Na nawaambia wazi, nilijijua: kama ingeanguka kabla sijamaliza, ningerudi kitandani, na nisingeona sababu ya kuamka tena.

Madam alinifundisha rangi za mafuta kwa mtindo wa wale wachoraji waliotoka nje kunasa mwanga wa saa fulani kwa madoa mafupi ya brashi. "Usichore unachokijua," alisema. "Chora unachokiona." Mwanga ukihama, unafunga sanduku, unarudi kesho saa ileile. Huku mawingu yakikusanyika upande wa ziwa.

Nilichora, nikakwangua kwa kisu, nikachora tena. Hatimaye nikapata picha niliyoipenda. Baba mdogo akaja, mikono nyuma, akaitazama kanvasi, akaitazama nyumba, akarudi kwenye kanvasi.

"Nilikukataza udongo," akasema, "sasa unakarabati kwa brashi?"

Nikatazama. Kweli, ukuta wangu ulikuwa umenyooka. Paa halikuwa na kutu. Mlango ulikuwa wazi, kama alivyouacha mama kila asubuhi. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba ile muda wote huo bila kuiona.

Nilikwangua yote. Nikaanza na ukuta ulioinama, kisha kivuli chake juu ya nyasi, nacho kilikuwa na samawati, na zambarau kidogo, na kijani pembezoni. Nyeusi haikuwemo. Mvua zilianza, zikapiga, na kila asubuhi nilikimbilia dirishani nikijua nitakuta kifusi. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Mama mdogo alisema ni Mungu. Mimi nilisema ni bahati. Nilimaliza picha. Wiki ileile nyumba ikaanguka, nami asubuhi iliyofuata nikaamka, nikaoga.

Namshukuru Madam kwa uvumilivu wake. Namshukuru mama mdogo kwa zile sahani. Nawashukuru ninyi, mlioniruhusu kukaa hapa miezi mingi bila kusema neno. Kama kuna funzo, ni dogo: kitazame kilichopo kabla hujatamani kukinyoosha. Sina hakika kama linamfaa kila mtu.

Na kuna jambo nililolijua miaka baadaye, mama mdogo alipoteleza ulimi tukimenya viazi. Majira yale, nikiwa darasani huku Rongo, baba mdogo alikata mkaratusi, akauegemeza kwenye ukuta wa nyuma kama nguzo ya kuuzuia, vichakani, mahali ambapo nisingeuona. Siku nilipomaliza picha, akautoa.