Joto la Colette

Benchi liko mbele ya duka la vifaa la Pelletier, katika mji wa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, ambao kiwanda chake cha karatasi kilishafungwa. Kila asubuhi wastaafu wa kiwanda huketi hapo, kofia zimewafunika masikio, wakinywa kahawa ya Pelletier huku wakiisema vibaya. Asubuhi moja ya Novemba theluji ilikuwa inanyemelea. Armand Ouellette alifika amevaa makoti mawili, na bado anatetemeka. Nyumbani kwake hakukuwa na joto hata chembe.

— Wamekataa, alisema, akajibwaga.

— Wamekataa nini tena? aliuliza Jaji, mzee aliyewahi kuitwa mahakamani mara moja kusikiliza kesi ya ng'ombe, jina likamganda.

— Ruzuku ya serikali ya pampu ya joto. Fundi kasema nyaya za umeme za nyumba yangu ni za kale, haziwezi kuibeba. Zibadilishwe kwanza. Na fungu la kubadilishia limekauka.

— Si kuna nafuu ya kodi?

— Nafuu ile unapunguziwa kodi unayodaiwa. Mimi na kipensheni hiki sidaiwi kodi. Wanipunguzie nini, ndevu?

Msumeno, aliyepasua magogo kiwandani ujana wake wote, akadakia:

— Nilikwambia! Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ungewahi!

— Mwenye pupa ndiye anayewahi, wewe, alisema Jaji.

— Basi ndiyo maana hakula!

— Sikilizeni, alisema Jaji. Hizo hela wamezila matajiri wa pwani. Wanapasha joto mpaka bwawa la kuogelea.

— Matajiri wapi! Ni Kanada, alisema Msumeno. Pampu inavuta joto la nje, sivyo? Na upepo wetu unatoka kwao. Wamegundua tunawaibia joto, wakaenda Washington kushtaki.

— Kanada ina joto gani la kuibiwa?

— Ndiyo maana wanalionea uchungu!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Armand naye alijaribu, akaishia kukaza makoti yake. Alikuwa akimwaza mkewe, Colette. Kifua chake hakikuvumilia tena moshi wa tanuri la mafuta lililokuwa likipasha nyumba yao joto. Yote haya yalifanywa kwa ajili yake. Sasa alikuwa mjini Bangor, analala kwenye kochi la dada yake, na kila akipiga simu neno lake la kwanza ni, "Imewaka?"

Nadine, mpangaji aliyehamia juzi juu ya duka, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Nani alimshauri huyu ang'oe tanuri la zamani kabla pampu mpya haijawaka?

Jaji akaanza kufunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa. Msumeno akautazama mto ng'ambo ya barabara. Lile tanuri walilikata wao wenyewe, mwezi wa Septemba, wakiimba, mmoja na msumeno wa chuma, mwingine na tochi ya gesi ya kukatia chuma, wakalipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na Armand ndiye aliyewafungulia mlango.

— Hakuna mtu, dada, alisema Armand taratibu.

Akainuka kwenda kumpigia Colette, naye hajui atamwambia nini.