Figo Analoliotesha Titir

Watu wa kibaraza cha kina Dutta, kaskazini ya Kolkata, wanajua kila kitu isipokuwa wanachokisema. Jioni ile mzee Nibaran alikaa mahali pake pa siku zote, miguu imemvimba, chai inampoa kwenye kikombe cha udongo kwa sababu daktari kampimia hata maji ya kunywa. Mafigo yake yamekufa yote mawili. Saa hizo alitakiwa awe hospitali anasafishwa damu kwa mashine, lakini zamu hiyo aliiruka, na ya kabla yake vilevile. Ya nini kujitesa? Bintiye Titir yuko mbali, Bengaluru, anasomea uhandisi wa viungo vya mwili, na kibaraza kizima kilishakata shauri kwamba anamwotesha baba yake figo jipya.

— Huyo mtoto kaanza zamani, alisema Ghontu, ambaye mtaani ni Redio kwa kuwa hazimwi. Si alimpasua chura kwenye ngazi hizi hizi? Akasoma baiolojia, akapata shahada ya pili, sasa yuko uzamivu. Mtu hasomi miaka yote hiyo kwa ajili ya chura.

— Limefikia wapi? aliuliza Profesa, ambaye hajafundisha popote. Jina kalipata kwa miwani.

— Kama punje ya dengu, alisema Nibaran. Mwenyewe kaniambia. Wanapanda seli za figo kwenye kitu kama jeli, wanazilisha.

— Basi, haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio. Leo dengu, kesho embe.

— Na mwili wake utalikubali?

— Profesa, damu nzito kuliko maji. Na kazi ya figo ni nini? Si maji? Litakubaliwa.

— Mimi nasikia linakuja na kitufe. Ukilala unalizima, huamki kukojoa.

— Na kulazwa hakuna, alisema Redio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Unainama, wanalipenyeza kwa mgongoni, mchana uko kwako unakula samaki.

Walicheka. Nibaran naye alicheka mpaka pumzi ikamkatika. Mdogo wake alikuwa amejitolea kumpa figo lake moja, akamkatalia, akamwambia kaa nalo, una watoto wadogo. Siku hizi alikuwa anaogopa kufa, anaogopa hasa, na hakumwambia mtu.

Pembeni alikaa Sufal, fundi feni, mpangaji mpya wa ghorofa ya juu.

— Samahani wazee. Huyo binti anajua kwamba baba yake anaumwa?

— Wewe mgeni, alisema Profesa. Mtoto ana mtihani mbele yake, unamwambiaje habari mbaya? Bibi yake alipofariki mwili wake tuliuchoma kimya kimya, Titir akaambiwa bibi kaenda kwa shangazi, mpaka alipomaliza mitihani. Ndiyo desturi yetu hapa.

— Nimeelewa, mzee. Sasa kama hajui, hilo figo anamwoteshea nani?

Profesa alivua miwani, akaanza kuifuta. Nibaran aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia barabarani.

Simu yake ikalia. Alikuwa Titir. Kibaraza kikanyamaza, kama kawaida yao akipiga, na Nibaran akanyoosha mgongo.

— Baba, uko wapi?

— Kibarazani, mama. Mzima kabisa, nimetoka kutembea.

— Baba, utafiti wangu umejibu. Vile vifigo vyangu vimekufa vyote kwa mpigo.

— Vimekufa?

— Vyote. Tulivimwagia ile dawa tuliyokuwa tunaishuku kuwa ni sumu kwa figo. Ndiyo kazi ya vifigo hivyo, baba, vife vyenyewe ili wasife watu. Msimamizi wangu hana la kusema kwa furaha.

— Kwa hiyo hakuna cha kumwekea mtu?

Titir alicheka.

— Mtu? Hayo labda watayaona wajukuu zangu. Kwa nini unauliza?

— Nauliza tu. Hongera, mama. Soma.

Alikata simu, akaishika kwa mikono miwili.

— Haya, anasemaje? aliuliza Redio.

— Anasema wamefaulu.

— Si nilisema? Redio alimgeukia Sufal. Si nilisema mimi?

Akaagiza chai ya watu wote.