Kabange, Aliyekuja Nyuma Yangu

Wapendwa ndugu, majirani wa Kataki, na ninyi wajumbe wa timu mliofunga safari kutoka Lubumbashi, familia imenituma mimi, Kyungu Chancelle, niwasomee maisha ya ndugu yetu, na Mama yetu Séraphine ameagiza nisome tarehe za kweli, hata kama wengine hapa watazisikia leo kwa mara ya kwanza.

Marehemu Kabange Michée alizaliwa Moba tarehe 14 Machi 2000, mtoto wa Papa Floribert Kalenga na Mama Séraphine, pacha wangu, mimi nikitangulia na yeye akifuata, ndiyo maana niliitwa Kyungu na yeye Kabange, kama mapacha wote wa kwetu.

Shule ya msingi aliisoma Moba kwa mapadri, sekondari aliisoma hapa Kalemie, akapata diploma ya serikali mwaka 2019, ingawa walimu wake ni mashahidi kwamba akili yake yote ilikuwa uwanjani.

Kazi yake ilikuwa mpira, beki wa kushoto. Agosti 2022 timu yenu ilikuja kutafuta vijana wasiozidi miaka kumi na minane, naye alikuwa na ishirini na miwili, basi wakubwa wa mpira wa hapa wakampunguzia miaka minne, jambo ambalo kila mpenda mpira analijua na hakuna anayelisema. Jina la Kabange likaondolewa, maana anayesikia Kabange atauliza tu Kyungu yuko wapi, na Kyungu alikuwa mke wa mtu mwenye mtoto, umri wake haufichiki. Nilipoenda kumtembelea Lubumbashi aliniita yaya, yaani dada mkubwa, mbele ya wenzake, baadaye tukacheka, lakini moyo uliniuma.

Misimu mitatu alikaa benchi, na kila aliponipigia simu alikuwa na hofu mpya, kwamba kocha amemtazama vibaya, kwamba mwenzake amefukuzwa kwa ajili ya umri, kwamba siku hizi wanapiga picha mifupa ya mkono na kuhesabu miaka. Hakufunga ndoa na mchumba wake Daniella, ambaye yuko hapa analia, kwa kuogopa maswali ya biro ya serikali, ofisi inayoandikisha ndoa na kudai tarehe ya kuzaliwa, wala hakuacha mtoto.

Tarehe 8 Oktoba 2025 tumbo lilianza kumuuma, wiki ileile aliyoambiwa kwamba Jumapili ataanza mechi kwa mara ya kwanza. Daktari wa timu, Papa Rubens, alimtuma hospitali akapigwe picha ya tumbo, naye akaona ametegwa, watakwenda kumsoma mifupa, akajibu kwamba maumivu yamekwisha. Jumapili tarehe 12 alicheza, sisi tukashangilia mbele ya televisheni, Mama peke yake akauliza mbona anashika ubavu. Kesho yake alipanda ndege bila kuaga, akafika nyumbani amejikunja, na nilipotaka kumpeleka kwa waganga wa hospitali akaniambia: "Kyungu, usinifuate ku hospitali, batu batatuona pamoja." Nilimfuata. Alipasuliwa siku ya pili, lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, akafariki alfajiri ya tarehe 16 Oktoba 2025.

Papa Rubens ametuambia jana, machozi yakimtoka, kwamba alitaka kuona tumbo tu, na kwamba kocha alikuwa ameshaamua nafasi ile ni ya Michée.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotuletea kuni, unga na ndagala na kulala nasi kwenye matanga, na wachezaji wenzake waliokuja. Shada mlilotuletea ninyi wa timu limeandikwa 2004, tumelipokea kwa heshima, lakini msalabani fundi ameandika 2000, na ameandika Kabange.

Ndugu yangu, leo nimesimama mbele ya watu wote na kila mmoja ameuona uso wako kwangu, usiogope tena, hakuna wa kukuuliza miaka. Ulikuja nyuma yangu na umenitangulia. Pumzika kwa amani, Kabange, Kyungu wako yuko hapa.