Joto Alilolibeba Nesi Elieshi

Wasikilizaji wapendwa, jana alasiri tulimzika Nesi Elieshi. Malaria imemchukua akiwa bado kijana. Alizaliwa Usangi, Upareni, akaja Dar es Salaam kusomea uuguzi, akapanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, pamoja na mdogo wake, Klara. Wengi mlimjua kwa kicheko chake. Mimi nataka mumjue kwa asubuhi moja ya masika, mwaka wa hamsini na sita.

Asubuhi hiyo bonde lote la Jangwani lilikuwa limejaa maji. Ukuta ulimwangukia Mboni, mke wa Awadhi, muuza kahawa. Alifikishwa hospitali ameloa chapachapa, utumbo umepasuka ndani. Daktari Ghanshyam akampasua papo hapo, Elieshi akimsaidia.

Utumbo ulitolewa nje ili matundu yatafutwe. Na hapo ndipo penye hatari, wasikilizaji. Tumbo likiwa wazi, joto la mwili linatoroka. Mboni akaanza kupoa. Midomo ikabadilika rangi. Mapigo ya moyo yakafifia.

"Nikimfunga sasa, atakufa kwa tundu nisiloliona," daktari akasema. "Nikiendelea na baridi hii, atafia mezani."

"Endelea, daktari," Elieshi akajibu. "Joto nitalileta."

Utumbo ulitakiwa kufunikwa kwa vitambaa safi, vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Vikipoa, vibadilishwe. Lakini mafuriko yalikuwa yamezima tanuri la maji moto. Na chumba cha upasuaji hakiingizwi moto, maana mvuke wa dawa ya usingizi ungeweza kulipuka. Jiko la mkaa lilikuwa ng'ambo ya ua, na ua umejaa maji hadi magotini.

Akakimbia. Mlangoni alikuwepo Awadhi.

"Nesi, mke wangu yu hai?"

"Yu hai. Njoo upulize moto."

Wakatumbukiza chupa za maji ya chumvi kwenye sufuria inayochemka. Elieshi akazifunga kwa blanketi, akazikumbatia, akavuka ua.

Daktari akagusa maji. "Moto mno! Tutamuunguza!"

Ikabidi wasubiri, na Mboni anazidi kupoa. Elieshi akadondosha tone mkononi mwake. Akangoja. Akadondosha jingine.

"Sasa."

Utumbo ukafunikwa, ikabaki wazi sehemu inayoshonwa tu. Elieshi akakimbia tena. Na tena. Tundu la pili likaonekana, nyuma kabisa. Likashonwa. Mapigo yakaanza kurudi, polepole.

Akatoka uani. "Awadhi, acha kupuliza. Ameshafungwa tumbo. Anapumua."

Awadhi hakuacha. Alipuliza mpaka nesi alipomshika bega.

Klara anasema: "Dada alirudi mikono na kifua vimebabuka. Nilimlisha ugali kama mtoto. Nikamuuliza, nani kakufanya hivi? Akasema, 'Nilikuwa nampasha mtu moto.' Akalala."

Jana msibani Mboni alikaa mkekani, ubavuni kwa Klara. Akaniambia, "Siku ile mimi sikumwona. Nilikuwa usingizini. Watu ndio walionisimulia."

Klara, na ndugu zetu wote wa Usangi, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tukae kimya kidogo, tufikiri. Kila mmoja wetu kuna mtu aliyewahi kumhangaikia bila yeye kujua. Ulizia ni nani, na kama yu hai, nenda ukamsalimie leo.