Mfagiaji Aliyehesabu Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, tumempoteza mfagiaji wa zahanati. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: mfagiaji wa zahanati amefariki, baada ya miaka thelathini ya ufagio. Hakuwa muuguzi. Lakini wapo watoto wanaopumua leo kwa sababu yake.

Wengi walimwita Bibi Funua. Alikuwa akipita kwenye benchi la kina mama, akiwaambia wafunue vifua vya watoto. Maana sisi, mtoto akiugua, tunamvika mpaka anakuwa furushi, kifua hakionekani. Yeye mwenyewe alimpeleka kifungua mimba wake hivyo hivyo, ndani ya sweta tatu. Walipofika mbele ya foleni, nimonia ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Siku moja ya baridi, miguu ikimuuma, alimkuta muuza mitumba na mtoto wa miezi kumi, katulia tuli.

"Mwanangu, mfunue."

"Shangazi, wewe fagia. Nimempa dawa ya kikohozi, ndiyo kwanza amelala."

"Matusi utanimalizia baadaye. Fungua vifungo."

Kifua kilikuwa kinabonyea chini ya mbavu kila mtoto alipovuta pumzi. Bibi akaitazama saa ya ukutani, akahesabu dakika nzima. Pumzi sabini na mbili. Kwa umri ule, hamsini tu ni hatari. Akambeba mtoto, akaipita foleni.

"Na sisi tumekuja kuota jua?" mmoja akamuuliza.

Bibi akausukuma mlango wa muuguzi kwa bega. Mtoto aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano, akapona.

Binti wa marehemu anasema: "Mama akifika nyumbani hakuwa akiwataja waliopona. Anakaa, anavua viatu, anawataja wale aliochelewa kuwaona. Nikimwambia apumzike, ananijibu, 'Benchi limejaa, mwanangu.'"

Alifariki Jumanne, usingizini. Tunawapa pole binti yake, wajukuu na wafanyakazi wenzake. Wa kushika ufagio amepatikana. Wa kuhesabu, bado.

Basi wewe unayetusikiliza huku mtoto anakohoa begani, mfunue kifua. Hesabu dakika nzima. Pumzi zikienda mbio, au kifua kikibonyea, nenda zahanati sasa hivi, na usione haya kuipita foleni. Usingoje tumalize kipindi. Zima redio.