Bahasha Kumi na Moja za Mzee Hatulii

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya kaka, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Hatulii, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa lori na mkunga. Shule ya msingi aliisoma kuanzia 1961 hadi 1967, na sekondari miaka miwili tu, kwa sababu, tuseme ukweli, mwalimu mkuu alichoka kumtafuta.

Mwaka 1971 alianza kujifunza kazi katika studio ya picha ya mjomba, na tarehe 1 Februari 1979 akafungua yake, chumba kimoja chenye stuli, pazia la bluu na koti la suti lililovaliwa kwa zamu na wanaume wa mtaa mzima. Studio ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa barabarani, kila adhuhuri alifunga mlango na kutokomea na kamera kifuani, akawapiga picha wabeba mizigo, wauguzi wakisubiri basi, watu wakicheka, wakigombana, wakisinzia, bila wao kujua. Alikuwa akitueleza kwamba studioni mtu huja na sura aliyokwisha kuichagua nyumbani, kazi yako ni kumnyoosha kola tu, lakini mtaani unamkuta kabla hajachagua, nawe huna muda wala ruhusa.

Tarehe 22 Novemba 1980 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka la jirani, wifi yangu huyu, baada ya kugombana naye wiki nzima kwa kumpiga picha akiwa na pini mdomoni. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1982, 1985 na 1989, na wajukuu watano, na wifi alivumilia mume aliyekula chakula amesimama.

Mwezi Juni 1994 alimpiga picha seremala mmoja akilia kwa furaha kwenye ngazi za hospitali, siku mkewe aliyekuwa hoi alipojifungua salama. Seremala alipopata habari alikuja studioni amefura, akasema mwanamume haonyeshwi analia, na kaka, ili yaishe, alikatakata filamu kwa mkasi mbele yake, kisha akampiga picha nyingine nzuri, ya stuli na koti. Miaka miwili baadaye seremala alifariki kwa ajali, mjane wake akaja ameshika mkono wa binti yao, akaiweka ile picha mezani, akasema humu analiona koti tu, mumewe hamwoni, akaomba ile ya ngazi, ambayo marehemu wake alikuwa ameishia kuisimulia huku akicheka. Kaka hakuwa na cha kumpa. Siku hiyo alikuja kwangu akalia.

Tangu hapo hakuharibu tena filamu hata moja, kila mgeni aliyempiga picha mtaani alimsafishia nakala, akaitia kwenye bahasha yenye tarehe na jina la kona, akatembea mpaka ampate na kumwuliza anataka ifanyweje. Aliyesema ichomwe aliombwa aende nayo nyumbani, akaichome mwenyewe mwaka unaofuata. Wengine walimshukuru, wengine walimkimbiza na ufagio.

Septemba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamwamuru apumzike, akaitikia kama mtoto mwema, na mchana ule ule akaonekana barabarani. Bahasha zilikuwa zimebaki sitini na mbili, naye hakutaka kufa kabla hazijaisha. Wifi alimfichia viatu, akatoka na ndala. Mimi nilimfokea, nikamwambia watu hao hawamtafuti, akaniuliza nimejuaje, na mpaka leo swali hilo linanichoma.

Alilazwa tarehe 28 Aprili 2024, na tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, alimwuliza wifi zimebaki ngapi, akajibiwa kumi na moja, akaomba viatu vyake, na kabla havijafika alikata roho, akiwa na miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao walimrudisha kitandani mara nyingi kuliko tuwezavyo kukumbuka, majirani waliopika na kulala nasi, wapigapicha wenzake, na fundi viatu wa kona, aliyefanya kazi kuliko sisi sote. Bahasha zimepangwa kwenye meza ya mlangoni, mnapotoka zitazameni, ukijiona chukua, ukimwona unayemfahamu utuambie anapopatikana.

Kaka, lala salama sasa. Zitakazobaki nitazipeleka mimi, kwa miguu.