Blasio Syahuka na Gari Alilolitengeneza Mwenyewe

Baba Padri, ndugu wa Mahango na Bwera, ndugu mliovuka mpaka kutoka Butembo, maafande wa polisi na wenzetu wote mliofika. Mimi ni Sosthène, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bwera, kaka wa marehemu Kaswera, aliyekuwa mke wa huyu tunayemzika leo, Jumanne tarehe 11 Septemba 1979. Karatasi hazipatikani, kwa hiyo wasifu huu umepigwa taipu nakala nne tu. Nimeuandika kwa Kiswahili ili sote tulio hapa tuelewane. Una maneno ambayo wengine hawatapenda kuyasikia mbele ya jeneza. Naomba nisikatizwe.

Marehemu Blasio Syahuka alizaliwa Mahango tarehe 3 Mei 1930, mtoto wa nne wa Mzee Yeremiya na Mama Ithungu. Mzee Yeremiya alilima kahawa na maharagwe kwenye mteremko ambao, mama mzazi anasema, mbuzi wenyewe walikuwa wakiteleza.

Alianza masomo mwaka 1939 katika shule ya misheni kule Kisinga. Alikuwa akishuka mlimani kila Jumatatu alfajiri na kupanda tena Ijumaa. Alifika darasa la sita. Mwaka 1945 baba yake alifariki na ada ikakosekana, akarudi shambani. Alichotoka nacho shuleni ni hesabu na mwandiko mzuri, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyompa kazi.

Mwaka 1951 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba mjini Kasese. Alikaa kwenye mizani hiyo miaka ishirini na mitatu. Wakulima walipenda kupanga foleni kwake kwa sababu hakuwa na tabia ya kugusa sahani ya mizani kwa goti ili kuwapunja.

Dada yangu Kaswera alikuwa akivuka mpaka kutoka Kongo na baba yetu kuleta maharagwe katika soko la Bwera, na hapo ndipo walipojuana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1961. Mtoto wao wa kwanza, msichana, hakuishi hata siku moja. Wa pili, msichana pia, alishikwa na homa mwezi Februari 1964. Walikaa naye kando ya barabara tangu asubuhi wakisubiri gari la kuwapeleka hospitali. Magari mawili yalipita bila kusimama, na mtoto akafia mgongoni mwa mama yake.

Septemba mwaka huohuo, vita vya kwetu Kongo vilipokuwa vimepamba moto, mimi nilivuka mpaka kama mkimbizi. Mkulima mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akikimbia alitaka kuliuza gari lake, Pijo 403, kwa bei yoyote ile. Blasio alitoa akiba yake yote. Binti yao Kabugho alipozaliwa mwaka uliofuata, baba yake alikuwa ameegesha gari mlangoni tangu wiki mbili kabla, pua ikitazama barabarani.

Gari lilipoharibika klachi alilipeleka gereji mjini, na bili ikala karibu mshahara wa miezi miwili. Alirudi nyumbani amenuna. Akamwambia mkewe, "Kama ni mikono, hata mimi iko nayo. Gereji sirudi tena."

Kulikuwa na kitabu cha gari, lakini kwa Kifaransa. Kaswera alikuwa amejifunza Kifaransa kwa masista, na hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa: Jumamosi baada ya chakula Blasio alilala chini ya gari, Kaswera akakaa juu ya kigoda na kitabu magotini, akisoma na kugeuza kwa Kiswahili palepale.

"Anasema, fungua ile ya kushoto kwanza."

"Kushoto yangu ao kushoto ya gari?"

"Kushoto ya gari, Baba Kabugho! Gari haigeuke kila saa kama wewe."

Siku moja walipomaliza kufunga injini, bolti moja ikabaki kwenye sahani. Ilikuwa ndogo, na mimi nilimshauri aitupe. Hakukubali. Alifungua injini upya, na ilimchukua siku mbili kujua mahali pa bolti ile. Kwa muda wa miaka minane hakuna fundi mwingine aliyeligusa gari lile. Alibadilisha oili, akasafisha plagi na kabureta, akaziba rejeta, akakata gasketi kutoka kwenye maboksi. Kwa pesa zilizobaki walijenga vyumba viwili na kumlipia Kabugho shule. Sisi ndugu tulipanda bure, na tulimsifu.

Maduka ya spea yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1972, Wahindi wenye maduka walipofukuzwa nchini. Baada ya hapo kila mwenye gari alitafuta njia yake. Desemba 1974 mafuta ya breki yalikwisha kabisa Kasese. Kampala yalipatikana kwa magendo, kopo moja kwa bei ya gurudumu zima. Madereva wengi walikuwa wakitia maji ya sabuni.

Jumamosi tarehe 14 Desemba, Blasio alikoroga sabuni ndooni. Kesho yake walitaka kwenda Mahango kumsalimu mama. Kaswera alikifungua kitabu, akasoma, akakifunga.

"Kitabu inakataza. Maji inachemka huku ndani, halafu breki haishike."

"Ni safari moja tu, Mama Kabugho. Wiki ijayo nitatafuta mafuta."

"Basi gari ilale. Twende na miguu."

"Na mtoto? Na mizigo ya mama?"

"Mimi sisome tena," dada yangu alisema. Aliingia jikoni.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja chini ya gari, mwingine kwenye kiti akikanyaga pedeli. Kwa kuwa mkewe alikataa, Blasio alimwita mtu mwingine amkanyagie.

Jumapili tarehe 15 Desemba walipanda Mahango salama wote watatu, Kaswera naye. Saa tisa alasiri walianza kuteremka. Katika mteremko wa tatu pedeli ilizama mpaka chini. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akalielekeza gari kwenye ukingo wa mlima ili lisiende upande wa bonde. Lilipinduka. Kabugho alivunjika mkono. Kaswera alifariki palepale, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya mtoto wake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Polisi aliyeandika habari zile aliitwa Onen, mtu wa kaskazini, mpole. Alikuwa ameshaandika kwamba barabara ilikuwa mbaya. Blasio alimwendea kituoni siku ya pili, nguo bado zina damu. Mimi nilifuatana naye.

"Afande, badilisha. Andika maji ya sabuni. Andika ni mimi nilitia."

"Mzee, wacha. Hiyo maneno imekwisha. Rudi, zika mama."

"Andika, afande."

Onen alimtazama sana. "Hiyo kazi ni ya watu wawili. Nani alikanyaga pedeli?"

"Ni mimi."

"Chini alikuwa nani?"

"Ni mimi."

Onen aliandika hivyo. Februari 1975 mahakama ilimpa Blasio kifungo cha miezi minane. Sisi, ndugu wa Kaswera, tulikuwa tumemzika dada yetu hapa Bwera, kwenye ardhi tuliyoipata baada ya kuvuka mpaka, na tulimkataza mumewe kukanyaga kaburini. Kabugho tulimchukua. Aliyeongea kwa niaba ya ukoo siku ile ni mimi.

Alipotoka gerezani hakuwa na kazi, na nyumba ya Kasese ilikuwa imeuzwa. Alipanga chumba hapa Bwera, upande wa pili wa barabara, ili aweze kumwona binti yake akienda shule. Aliishi kwa kutengeneza baiskeli. Walimu na wauguzi walipomletea magari aliwafundisha kuyatengeneza wenyewe ili wapumzishe mifuko yao: namna ya kupima oili, kusafisha plagi, kukaza mkanda wa feni. Lakini gari lisilo na mafuta halisi ya breki hakuligusa. "Ilale," alisema. Wengine walimcheka, wengine walimtukana. Mimi nilipita mbele ya mlango wake kila siku ya shule kwa karibu miaka minne bila kumpa salamu.

Alhamisi tarehe 19 Aprili mwaka huu, jeshi la serikali iliyopinduliwa lilipokuwa likikimbilia mpakani, lori la askari lilisimama kwake asubuhi. Nyuma walikaa wake zao, watoto na magodoro. Jamidah, mke wa mmoja wao, ndiye aliyenisimulia.

"Wewe fundi! Toka! Tengeneza breki, upesi!"

"Afande, mafuta ya breki hakuna."

"Tia sabuni! Mbele kuna milima."

"Ndiyo sababu, afande. Mimi nilitia sabuni, nikaua bibi yangu. Shusha watoto kwanza. Mpaka iko karibu, watembee. Wakishuka, natia."

"Nani amekuuliza habari ya bibi yako?"

Walimpiga kwa kitako cha bunduki, kiunoni na mbavuni, mpaka akaanguka chini. Kisha dereva akatia sabuni mwenyewe. Jamidah aliwashusha watoto wake watatu, akakataa kupanda tena. Mumewe alimwacha hapohapo barabarani.

Tangu siku hiyo marehemu alikojoa damu. Mwezi Juni alilazwa hospitali ya misheni kule Kisinga. Figo zilikuwa zimeumia na dawa zilikuwa chache. Jamidah, aliyebaki akimuuguza tangu siku ile, alimpikia uji, na Kabugho alikwenda kila Jumamosi kwa miguu.

Mwezi Agosti nilikwenda mimi. Alikuwa amevimba uso, nikamtambua kwa sauti.

"Shemeji, umekuja."

"Nimekuja."

"Lile lori ilifika?"

Nilijua jibu. Ndugu zetu waliliona Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na baadaye likapanda milima mpaka Beni. "Lilifika," nilisema. "Watu wote wazima."

Nilidhani atalia, kwa kuwa alikuwa anakufa kwa ajili ya ajali ambayo haikutokea. "Vizuri," alisema. "Watoto walikuwa wengi mule."

Halafu nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu kituo cha polisi. "Kwa nini hukunitaja?"

"Kaswera alikuwa na kaka moja tu," alisema. "Kabugho angebaki na nani?"

Ndugu zangu, mtu aliyekanyaga pedeli siku ile ni mimi. Nililala kwao Jumamosi hiyo. Nilimsikia dada yangu akikataa, nikamwambia Blasio, "Wanawake ni waoga, lete nikusaidie." Kisha nilisimama mbele ya Onen nikanyamaza, nikasimama mbele yenu kaburini nikamlaani shemeji yangu, na mkaniamini kwa sababu mimi ni mwalimu. Blasio alifungwa kwa kosa lake. Langu halikuwahi kuandikwa popote mpaka leo.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Jana wazee walikaa kutwa nzima juu ya mahali pa kumzika. Nilipowaambia haya ninayowasomea, wawili waliinuka wakaondoka, na leo hawapo hapa. Waliobaki walikubali azikwe kando ya mkewe.

Ameacha mama yake, Mama Ithungu, ambaye amewazika watoto watano kabla ya huyu. Ameacha dada mmoja na wajukuu wa ndugu zake kule Mahango. Ameacha Jamidah na wanawe watatu. Najua baadhi yenu mnamtazama kama mke wa adui. Nawaomba, asiguswe. Na ameacha mtoto mmoja tu, Kabugho, mwenye miaka kumi na minne. Yeye nilimwambia kabla ya wazee, juzi jioni, tukiwa wawili. Hajanijibu neno. Sina haki ya kumharakisha.

Blasio, shemeji yangu, Mungu akupe raha uliyokosa huku. Naiweka karatasi hii chini sasa, kwa maana nimeomba nafasi kwenye kamba za kumshusha, na Kabugho ameniachia ncha moja.